Gari Lilichelewa

Jarida lilifika kwetu Mwabusalu kifuani mwa Magesa wa bodaboda, limekunjwa ndani ya koti lake. Kabla halijanifikia, lilikuwa limeshapita kwa mama ntilie, kwa fundi baiskeli, na kwa wenzangu wote tunaochekecha mchanga wa almasi kando ya njia ya Maganzo.

"Mwangaluka, Baba Justa!" Magesa akapaza sauti. "Mwanao katoka kwenye jarida! Ila wewe humo hata kandambili yako haionekani!"

Wakacheka. Nikalifungua. Kweli, juu pameandikwa Justa Masalu, jina la mwanangu. Ndiyo kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo kikuu. Na chini ya jina hilo, ukurasa mzima, meno ya Jilala.

Jilala ni mwenyekiti wa kitongoji chetu. Tangu achaguliwe hajagusa chekeche. Mwanangu alikuja na kamera kutoka Mwanza, akalala kwangu, akala ugali wangu, kulipokucha akaenda kumpiga picha Jilala. Ng'ombe waliouzwa ili asome ni wangu, anayechekelea kwenye karatasi inayong'aa ni mwingine. Mwenye cheo ndiye anayeulizwa hali ya wachimbaji. Sisi wenye matope tunasimama nyuma yake, tukibahatika kuingia kwenye picha.

Niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole. Kidole kilipofika ukurasa wa pili kikagoma. Jilala alikuwa anamzungumzia mke wangu, mama yake Justa.

"Tulimpoteza Melania, mke wa jirani yangu," kasema, "kwa sababu gari la wagonjwa lilichelewa. Iliniuma sana."

Ilimuuma yeye! Hata msiba wangu kaubeba, kaupeleka Mwanza, kapigwa picha nao. Na bado kausema uongo. Siku ile Melania anatokwa damu, gari lilikuwa limechukuliwa zahanati kwenda kumpokea mkubwa mmoja, limepakia viti na spika. Na aliyekuja kulichukua, kavaa kofia mpya, ni Jilala huyo huyo.

Jumamosi Justa akaja.

"Shikamoo, Baba."

"Kamwamkie baba yako Jilala."

Akaweka begi chini. "Baba, jamani. Mwandishi haruhusiwi kumhoji mzazi wake. Ndivyo kazi yetu ilivyo, wataniambia napendelea."

"Kupendelea! Wakubwa wanawapa kazi mashemeji mpaka wanaisha, hakuna anayesema. Mtoto wa Masalu ndiye kakumbuka sheria."

Nikamsukumia jarida, kidole changu juu ya neno lile. "Soma hapa. Limefanya nini gari?"

"Lilichelewa."

"Yaya, hapana! Mtu anayechelewa yuko njiani. Hili halikuwa njiani, lilikuwa limebeba viti."

Nikamweleza yote. Akakaa chini taratibu, kama mtu anayeogopa kigoda.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa kwenye mitihani. Na baadaye ukaja na kamera, ukatoka mlangoni kwangu kwenda kwa Jilala."

Alitoka nje na simu. Nilimsikia anabishana na mkubwa wake wa kazi, sauti inapanda, inashuka. Mara, "Hapana, bosi, neno hilo limetoka na jina langu mimi." Nikaogopa kidogo. Kazi yenyewe ndiyo kwanza kaianza.

Akarudi, macho mekundu. "Watatoa masahihisho. Mhariri amekubali nikuhoji mwenyewe, na wataandika kabisa kwamba wewe ni baba yangu. Ila nikuhoji kama mtu yeyote. Na mwenyekiti nitamwendea tena leo leo, ajibu."

"Na picha?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Ya Jilala ilikuwa ukurasa mzima."

Akacheka huku anajifuta pua. Akaweka simu mezani, ikaanza kurekodi.

"Jina lako kamili, mzee?"

"Mzee? Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka kliniki?"

"Jibu tu, Baba."

"Masalu."

"Una uhusiano gani na marehemu?"

Kwa mara ya kwanza tangu jarida lile lije, sikumwonea wivu Jilala. Swali hilo wangemuuliza yeye, angetafuta maneno mpaka jioni.

"Ni mke wangu," nikasema. "Anza na hilo. Gari lije baadaye."