Swali la Nyongeza la Bibi Harusi

Bibi Bridget alikuwa na wabunge wake wa upinzani aliowapenda na serikali yake aliyoichukia, wote wakiwa ng'ambo ya bahari, katika nchi aliyoiacha akiwa msichana. Kila Vaileth alipofika asubuhi kwenye ile nyumba ya Rockville, Marekani, kumhudumia, alikuta kishikwambi kimeegemezwa kwenye birika na Bunge la Ireland limeshaanza. Dublin ilikuwa saa sita mchana. Rockville ilikuwa saa moja asubuhi, na bibi alikuwa bado na gauni la kulalia.

"Kaa, mwanangu. Dawa zitasubiri. Nuala anasimama."

Nuala alikuwa mjukuu wa kaka yake Bridget, mbunge wa upinzani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Wiki nenda, wiki rudi, alikuwa na swali moja tu: daraja la kwao, lililofungwa tangu mafuriko, litafunguliwa lini? Waziri Mkuu alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaeleza hali ya uchumi, mabadiliko ya tabianchi, umuhimu wa madaraja kwa jumla na uvumilivu wa watu wa vijijini. Akakaa, akapigiwa makofi na wenzake.

Nuala akasimama tena. "Niliuliza lini."

Bridget alipiga meza mpaka vijiko vikaruka. Upande wa serikali walipoanza kelele, Spika aligonga kengele yake, na Bridget naye akaitikisa ya kwake, ile ya shaba ya kumwitia Vaileth, ili utaratibu urudi pande zote mbili za bahari.

"Umemwona? Hagombani," alisema. "Anauliza, anakaa. Anasimama, anauliza. Kama maji na jiwe."

Vaileth alicheka huku akipima presha ya bibi, ambayo siku za Bunge ilikuwa na mambo yake. Alimsimulia kwamba kwao Tanzania, baba yake alipokuwa akisikiliza Bunge redioni, mbunge alianza kwa kushukuru kwa majibu mazuri ya serikali, ndipo akaomba kuuliza swali la nyongeza.

Bridget alifikiri kidogo. "Wanashukuru kwanza, halafu wanachoma? Nyie ni hatari kuliko sisi."

Lakini Vaileth mwenyewe hakuwa hatari kwa mtu yeyote. Alimaliza chuo akiwa bado anainua mkono nusu darasani, ili mwalimu akimwona aweze kusingizia anajikuna. Neno ndiyo lilimtoka mdomoni lenyewe; neno hapana lilikuwa na kona kali, akashindwa kulimeza wala kulitema. Na sasa alikuwa anaolewa na Elisante, na harusi ilikuwa mikononi mwa kamati.

Anayeijua kamati ya harusi ya Kitanzania hana haja ya kuelezwa. Ina mwenyekiti, ina katibu, ina kamati ndogo ya chakula inayogombana na kamati ndogo ya mapambo. Bibi harusi kazi yake ni kukaa, kutabasamu na kupendeza. Mwenyekiti alikuwa baba yake mdogo, Gregori, mtu wa kitambi na maneno matamu, na kamati yake ilikuwa imepitisha kwamba sherehe ingeanza saa moja jioni. Kila mtu alijua maana yake. Maharusi wangeingia ukumbini saa nne usiku.

Hapo ndipo moyo wa Vaileth ulipokwama. Bridget alikuwa mzima wa akili mchana kutwa, mcheshi kuwashinda vijana, lakini jua likizama akili nayo ilizama. Jioni alimwita Vaileth kwa jina la dada yake aliyekufa, akatafuta mlango wa kurudi kwao. Na Vaileth alishamwahidi dansi. Bibi alikuwa ameshanunua kofia ya njano, akaiweka juu ya kiti ili aione akila.

"Sherehe ni usiku, bibi," Vaileth alimwambia hatimaye, akiangalia sakafu.

Bridget aliitazama kofia, kisha akamtazama yeye. "Umewauliza kwa nini?"

"Kwetu bibi harusi hahoji kamati."

"Nuala naye aliambiwa mbunge mpya hamhoji Waziri Mkuu. Simama."

Wiki nzima walifanya mazoezi jikoni. Bridget alikuwa serikali. Vaileth aliuliza kwa nini sherehe isifanyike mchana, na serikali ikamjibu kuhusu bei ya siagi. Akauliza tena, serikali ikasifu viatu vyake. Siku ya kwanza alicheka akashindwa kuendelea. Siku ya mwisho alivaa ile kofia ya njano, akauliza mpaka serikali ikaomba chai.

Jumapili baada ya ibada, kamati ilikutana kwa baba mdogo, Landover, sebuleni, kukiwa na sambusa na maandazi. Elisante alikaa pembeni ya mchumba wake, kimya kama mbunge wa viti vya nyuma, lakini goti lake liligusa la kwake. Vaileth aliegemeza simu kwenye chupa ya chai. Kwenye kioo alionekana Bibi Bridget, kofia kichwani. Kiswahili hakujua hata neno moja.

"Huyo nani?" aliuliza mama mdogo Honorata.

"Mtazamaji," alisema Elisante.

Gregori alisoma ajenda mpaka mwisho. Alipouliza kama kuna mengineyo, jambo ambalo wenyeviti huuliza wakiwa wameshafunga daftari, Vaileth aliinua mkono wote.

"Mwenyekiti, naomba kujua, kwa nini sherehe isiwe mchana?"

Mtu alishusha sambusa.

"Swali zuri sana, mwanangu," alisema Gregori, akasimama, akafunga kifungo cha koti. Vaileth alikiona kile kifungo, na ghafla akajihisi mwepesi kama aliyemeza upepo. "Harusi ni jambo la heshima. Wazee wetu walituachia mila. Ukumbi tumeupata mzuri, maegesho yapo, na kamati ya mapambo imejituma. Tuwapigie makofi."

Wakapiga. Gregori akakaa.

Vaileth akasimama. "Nakushukuru kwa majibu mazuri, mwenyekiti. Nina swali moja la nyongeza. Kwa nini isiwe mchana?"

"Bibi harusi hahoji kamati," alinong'ona Honorata kwa sauti ya kusikika mtaani.

"Wacha aulize, bana," alisema Mutai, jirani Mkenya aliyepewa kazi ya muziki. "Mimi mchana niko sawa kabisa. Hata spika zangu hupenda jua."

"Mchana ni kipaimara," alisema Gregori. "Mchana watu hula wakaondoka. Na hali ya hewa ya Maryland, mwanangu, kwa jumla, ukiangalia tulikotoka na tunakoelekea..."

Kutoka kwenye simu kengele ililia, kali, ya shaba. Watu walishtuka. Bridget hakuwa ameelewa neno, ila alikuwa amemwelewa Gregori barabara.

"Hajajibu," alisema kwa Kiingereza. "Naijua sura hiyo."

Kicheko kilianzia kwa Mutai kikazunguka sebule. Vaileth alingoja kitulie. Hakukaa.

"Bibi huyu jioni hunisahau, baba mdogo. Mchana ananijua. Nilimwahidi tutacheza, nataka nicheze naye akinijua. Kwa nini isiwe mchana?"

Gregori alimtazama mkewe. Honorata alitazama dari.

"Mwambie tu," alisema.

"Ni koti," alisema Gregori.

"Koti gani?"

"Nimeshonesha koti Dar. La kuingilia ukumbini. Lina vitu vinavyometameta." Alishusha sauti. "Linahitaji taa."

Hata Honorata alicheka mpaka akashika kilemba. Elisante alikuwa amejificha nyuma ya sahani ya maandazi, mabega yakimtikisika. Kamati ilidai kielelezo, na mwenyekiti, bila kusihiwa sana, alipanda ghorofani. Aliposhuka walimsukuma hadi uani, na jua la saa nane likamwangukia.

Hakuna taa ya ukumbi wowote wa Landover ambayo ingefanya kazi ile. Vidoadoa vya mwanga viliruka ukutani, kwenye uzio wa jirani, kwenye nyuso za wajumbe wote. Gregori aligeuka taratibu, na ua wote ukageuka naye. Akageuka tena, mara hii kwa kujipenda.

"Mchana," alisema, kama aliyelibuni wazo hilo mwenyewe. "Kamati inapitisha mchana."

Vaileth aliinua simu. Bridget alikuwa amekaribia kioo mpaka yakaonekana macho na ukingo wa kofia tu.

"Amejibu?"

"Amejibu, bibi."

"Wiki ijayo tumwambie Nuala ajaribu koti."

Vaileth alipaswa kukaa sasa. Lakini hapakuwa na kiti uani, jua lilikuwa zuri, na mkono wake ukainuka wenyewe.

"Mwenyekiti, swali la nyongeza."

Kamati nzima iliguna.

"Je, mwenyekiti, ukiwa na koti hilo, uko tayari kufungua dansi na mgeni wangu?"

Gregori alishika kifungo. Akasafisha koo.

"Dansi," alianza, "kihistoria, ni jambo ambalo..."

Huko Rockville kengele ililia.