Mudrik Kwenye Safu

Riyama alijaaliwa mengi, subira hakujaaliwa. Kompyuta ikimkera huisema kwa sauti, na asubuhi ile ya Ijumaa, ndani ya fleti yao ya Michenzani, aliisema mpaka mama yake, Bi Mwatima, akachungulia mlangoni.

"Unagombana na nani, wewe?"

"Na hii mijistari, mama! Nnaipanga, inapandana. Hebu tazama!"

Bi Mwatima akatazama. Maneno ya kasida yalikuwa yamerundikana upande mmoja wa skrini, mstari juu ya mstari, hata herufi hazijulikani. "Loo! Hapo hata mwenye macho manne hasomi," akasema, akarudi jikoni kwenye mchuzi wake. Hakutaka kuongeza neno, maana alijua kazi ile ni kwa ajili ya nani.

Ilikuwa kwa ajili ya Mudrik, kaka yake Riyama. Alipokuwa na miaka tisa alishikwa na homa kali, ikamwachia roho yake, masikio ikayachukua. Sasa ni mtu mzima, fundi wa kushona kofia, na bado anazungumza kwa sauti yake nzito iliyopinda kidogo. Tangu utoto alipenda maulidi ya homu kule Mtoni, ambapo wanaume hupiga magoti safu moja, bega kwa bega, wakainama na kuinuka kwa kufuata kasida na ngoma za matari. Masikini Mudrik alikuwa akimchungulia jirani yake, akainama yeye wenziwe washainuka. Watoto wakicheka. Mwaka jana Mzee Usi, kiongozi wa kundi, alimwambia kwa upole akae na watazamaji. Mudrik alikubali kwa kichwa, akaenda kukaa, na siku ile hakutia kitu mdomoni.

Riyama alilia kwa hasira. Kisha, kwa kuwa kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, akamwendea Mzee Usi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nikimwekea Mudrik maneno ukutani, na mstari unaoimbwa ukawa unawaka, utamrudisha?"

Mzee Usi alifikiri. "Mlete Ijumaa kwenye mazoezi baada ya Isha. Akienda sawa na wenziwe, ataingia. Asipokwenda sawa, binti yangu, tusimtie aibu tena."

Na Ijumaa ndiyo hiyo ishafika. Ukurasa wenye kasida ulikaa vizuri mno Riyama alipoufungua kwenye kivinjari cha kawaida. Alipoufungua ndani ya programu yake, yenye kijidirisha kilichobeba kivinjari kidogo cha kwake, ukavurugika. Ukurasa ule ule, kompyuta ile ile! Alipanua nafasi, akapunguza herufi, akasogeza mstari mmoja mmoja kwa mkono, na kila alipogusa mambo yalizidi kuharibika. Mwishowe akaandika amri ndogo ya kukiuliza kile kivinjari cha ndani: wewe ni nani? Kikajibu kuwa ni cha miaka mingi nyuma.

"Muongo mkubwa wewe!" akasema Riyama. Alijua kina nguvu zote za kisasa. Kilikuwa kinajifanya kizee ili kurasa za zamani zisipate tabu. Basi akaongeza kwenye ukurasa mstari mmoja wa kukiamuru kiache kujifanya, kiwe kilivyo. Akafungua tena. Vile vile! Usiku ulipoingia akabeba kompyuta na projekta ya kumulika ukutani, akaenda Mtoni.

Kwenye ukuta wa uani maneno yalitokea yamerundikana vile vile. Mudrik alikuwa kasimama pembeni na kofia mpya, aliyoishona kwa ajili ya siku ile. Akautazama ukuta, akamtazama dada yake, akatabasamu ili asimuumize. Tabasamu lile lilimkata Riyama maini.

Vijana walikuwa washapiga magoti na safu yao imekwenda kombo. Mzee Usi akaingia, akawatazama.

"Inukeni nyote!"

"Tusogee tu kidogo huku, mzee, itanyooka," akasema mmoja wao.

"Hainyooki. Mshajipanga kabla yangu, nitakunyosheni vipi? Inukeni."

Wakainuka. Mzee Usi akapiga magoti wa kwanza, peke yake. Wa pili akaja akaweka bega lake kwenye bega la mzee, na wa tatu, na wa nne, na safu ikanyooka.

Riyama aliganda. "Alaa!" Akauinamia ukurasa wake. Ile amri alikuwa kaiweka chini, baada ya maagizo yote ya mapambo na mpangilio. Ilipofikiwa, ukurasa ulikuwa ushajipanga kizee. Akaikata, akaibandika juu kabisa, mbele ya vyote. Akafungua.

Ukuta ukajaa kasida. Mstari chini ya mstari, kila mmoja mahali pake, unang'ara, na watu wote uani wakasema "Mashallah" kwa pamoja. Subhanallah, kitu kidogo namna ile!

Mudrik akapiga magoti mwisho wa safu. Matari yakaanza. Riyama akabonyeza, mstari wa kwanza ukawaka, na Mudrik akainama. Akainama sawa sawa na wenziwe! Akabonyeza wa pili, akainuka nao. Mabega yote yale yalikwenda na kurudi pamoja, na la Mudrik limo ndani yake, halijulikani. Riyama alisisimkwa mwili mzima. Machozi yakamtoka, akatazama tu, akatazama.

Kisha akashituka: alikuwa kasahau kubonyeza! Ukutani ulikuwa unawaka mstari ulioimbwa zamani, na waimbaji washafika mbali. Akamgeukia kaka yake kwa hofu.

Mudrik alikuwa kafumba macho. Midomo yake inakwenda na kasida, neno kwa neno, na mwili wake unainama na kuinuka pamoja na safu bila kuchelewa hata kidogo. Riyama aliondoa kidole kwenye kitufe, hakukirudisha tena.

Kasida ilipokwisha, Mzee Usi alimshika Mudrik mkono, akamhamisha kutoka mwisho wa safu akamweka ubavuni pake. Riyama akamsogelea, akamuuliza kwa ishara: ulijuaje, na huku umefumba macho?

"Maneno nnayajua tangu mdogo," akasema Mudrik kwa sauti yake nzito. "Nilikuwa sijui tu wenzangu wamefika wapi. Ukuta ulipokwisha kunionesha pa kuanzia, bega la jirani likanitosha."