Nani Aliamuru Njia Ilimwe

Mgeni wa chama alipokaribia kufika, katibu wa kata, Ndugu Felician, alimfuata Kornelia nyumbani na wimbo alioutunga mwenyewe. Kornelia ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kila mkutano. Wimbo huu ulisema ngano imeleta neema, na wafugaji wanashukuru.

"Wanashukuru nini?" Kornelia aliuliza.

"Mama, wewe imba tu. Mengine yana wenyewe."

Ndani, mumewe Gidamis alikuwa amelala, mkono umefungwa kwa vijiti. Walinzi wa shamba la serikali walimpiga alipopitisha ng'ombe kwenye njia ya kwenda ziwani. Njia hiyo babu zake waliipita, lakini tangu mvua za kwanza ilikuwa imelimwa na kupandwa ngano. Hata kaburi la baba yake, lililokuwa kando ya njia, trekta lilikuwa limelisawazisha. Kornelia alikwenda kwa meneja wa shamba, akaambiwa amri imetoka wilayani. Wilayani wakamwambia akaulize chama. Sasa chama kilikuwa kimesimama mlangoni pake na wimbo, wala hakikumjulia hali mgonjwa.

Siku ya mkutano mgeni alipanda juu ya tela la trekta.

"Kidumu Chama!"

"Kidumu!" uwanja ukaitikia.

Felician akampungia Kornelia mkono aanze. Kornelia akasimama.

"Shikamoo mzee. Kabla ya wimbo nina swali. Nani aliamuru njia yetu ya kwenda ziwani ilimwe?"

Mgeni akatabasamu. "Swali zuri, mama. Suala hilo linashughulikiwa. Taifa linahitaji mkate."

"Sikuuliza habari za mkate. Nimeuliza jina la mtu."

Tabasamu likamtoka. Akaugeukia umati, akasema wapo wanaotumiwa na maadui wa maendeleo. Kisha akainua ngumi.

"Kidumu Chama!"

Felician aliitikia karibu peke yake. Wanawake walikuwa wameketi chini, mmoja baada ya mwingine, wamefumba midomo.

Usiku huo polisi walimlaza Kornelia mahabusu. Asubuhi Felician alimtaka aombe radhi.

"Kwa nani? Nitajie aliyeamuru, nitamwendea mwenyewe."

Felician akaenda zake. Mchana wakamwachia.

Kwa Wabarabaig, nyumba ikidhulumiwa wanawake hukaa kikao chao, na mwanamume hasogei. Walikaa siku hiyohiyo. Alfajiri walitoa ng'ombe mazizini, wakawaswaga kupitia katikati ya ngano, Kornelia akiwa mbele pamoja na vikongwe waliovaa sketi zao za ngozi. Aliogopa, lakini hakupunguza mwendo.

Walinzi walikuja na marungu. Bibi mmoja akamsogelea kiongozi wao hadi karibu kugusana.

"Piga, mwanangu. Anza na mimi."

Hakuna aliyetaka laana ya mwanamke mzee. Kiongozi akateremsha rungu, akapisha. Ng'ombe wakafika ziwani, wakanywa, na Kornelia akaketi ukingoni akilia kwa hasira iliyochanganyika na furaha.

Hawakuomba ruhusa tena. Kila alfajiri walipita, hadi ngano ya pale ikakanyagwa yote. Msimu uliofuata matrekta yaliikwepa njia ile. Hakuna ofisi iliyotangaza lolote, na hakuna aliyekuja kumpa pole Gidamis, ambaye mkono wake ulipona ukiwa umepinda. Walitumwa watu mara nyingi kumwomba Kornelia aimbe mikutanoni. Alikataa. Akawa anaimba kanisani tu, na kwenye arusi za majirani.