Kichwa cha Mama Hamim

Wanawake wa Nyamisangura walimjua Mwanamvua, mama Hamim, kwa mambo mawili. La kwanza ni mkono wake. Rasta alizosuka yeye zilikaa miezi miwili bila kulegea, na mteja aliyetoka kwake ngozi ya uso imevutika na machozi yanamlengalenga alijua hajapoteza pesa yake. La pili ni dini. Hata saluni ikijaa wanawake watupu, mlango umerudishwa na joto la mabati linawachoma, yeye hakuvua hijabu. "Huyu mama anamwogopa Mungu," walisema, naye aliinamia kichwa alichokuwa anasuka.

Ukweli ni kwamba hakuwa na nywele za kuonyesha. Kuanzia kwenye paji la uso hadi karibu na utosi, na juu ya masikio yote mawili, ngozi ilikuwa tupu na inang'aa. Tangu usichana wake alisukwa kwa kukazwa. Akaweka dawa za kulainisha, akasukia rasta juu ya dawa. Vilipotoka vipele vidogo vya usaha pembeni mwa paji, alivipaka mafuta akasukwa tena. Nywele zikawa zinarudi nyuma kidogo kidogo. Alijaziliza kwa wanja, baadaye akavaa wigi, mwisho akafunga hijabu asubuhi hadi jioni. Mumewe, Abdurahmani fundi cherehani, aliuliza mara mbili kwa nini mkewe analala na kitambaa, akajibiwa ni baridi, akaacha kuuliza. Kwa hiyo kila aliposifiwa kwa dini, Mwanamvua alijiona kama mwizi anayeshukuriwa kwa kulinda duka.

Mwezi wa sita, Wegesa alikuja kutoka Gorong'a. Alikuwa mteja wake wa miaka sita, mwanamke mcheshi, mkulima wa mahindi na viazi. Siku hiyo hakuwa na ucheshi. Alikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni, na kichwani alijifunga kitenge hadi kwenye nyusi. Alisubiri mteja wa mwisho atoke ndipo akakifungua.

"Mama Hamim, tazama."

Alipitisha vidole kichwani, vikatoka na fungu zima la nywele. Mwanamvua alimkalisha kwenye kiti akaanza kumpekua. Nywele zilikuwa zimepungua kila mahali, kama shamba lililopaliliwa vibaya. Lakini mbele palikuwa na jambo jingine. Pale pembeni mwa paji, upana wa vidole viwili, palibaki vinyweleo vichache tu, na vipele vidogo vya usaha. Mwanamvua alipafahamu pale. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa hivyohivyo miaka ishirini iliyopita, na hiki cha leo alikuwa amekikaza yeye, kwa mikono yake, kila baada ya miezi miwili.

"Mama mkwe anasema nimefanyiwa," Wegesa alisema kwa sauti ya chini. "Anasema mke mwenzangu, Eunice, amechukua nywele zangu akazipeleka kwa mganga. Na Eunice naye anasuka hapa kwako. Wewe ndiye unayefagia. Hujamwona akiokota kitu?"

Jibu lilikuwa jepesi: hapana. Eunice alikuja mara tatu nne kwa mwaka, akasukwa, akalipa, akaenda zake. Lakini Mwanamvua akisema hapana, Wegesa angeuliza swali la pili. Kama si Eunice, basi ni nini?

"Siwezi kujua, mdogo wangu," alisema. "Saluni inajaa watu. Mtu akiinama, utajuaje anaokota nini?"

Wegesa aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kile alichokifuata. Akamfunga mtoto vizuri akaondoka. Mwanamvua alifagia sakafu mara mbili.

Hazikupita wiki mbili, Eunice akasimama mlangoni. Ilikuwa asubuhi, na wateja wawili walikuwa ndani. Alibeba begi la nguo.

"Shikamoo, mama Hamim."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai. Nimepita kuuliza tu. Nyumbani wanasema umeniona nikiokota nywele za Wegesa. Mume wangu amenirudisha kwetu Natta mpaka mambo yaeleweke. Watoto wangu amewazuia. Nikaona kabla sijapanda gari nikusikie kwa mdomo wako. Uliniona?"

"Mimi sikusema hivyo."

"Ulisemaje?"

Mwanamvua alifungua mdomo. Wateja wote wawili walikuwa wamegeuka. Uso ukamwaka moto chini ya kile kitambaa cheusi. Eunice alimngoja kwa muda mrefu kuliko ambavyo wengi wangengoja. Kisha akasema, "Haya," akanyanyua begi lake.

"Umeona jicho lile?" mteja mmoja alisema alipokwisha kwenda. "Ndio wenyewe hao." Mwanamvua alimsuka hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza rasta zake zikawa na mistari iliyopinda.

Mchana alifunga saluni. Alimwambia Abdurahmani kwamba anakwenda kutafuta mzigo wa rasta, lakini alikwenda kwenye kliniki ya ngozi, akakaa kwenye foleni akiinamisha uso kila alipopita mtu anayefanana na mteja. Daktari alikuwa mwanamke, Scholastica, mwenye miwani na haraka kidogo.

"Nina mteja wangu," Mwanamvua alianza. "Amejifungua juzijuzi. Nywele zinatoka kila mahali."

"Hiyo ni ya uzazi. Mwezi wa tatu au wa nne nywele nyingi zinapumzika kwa pamoja, zinaanguka. Zitarudi zenyewe, asiogope. Hata homa kali inaweza kufanya hivyo, au upungufu wa damu, au tezi ya shingoni."

"Hakuna mtu anayeweza kumfanyia?"

Daktari alimtazama. "Mama, kila wiki naletewa watu waliofanyiwa. Huyu ana mviringo mtupu kama sarafu, kumbe mwili wake wenyewe unapigana na nywele. Mtoto yule ana mapunye, ni fangasi. Mzee ana upara wa baba yake. Wote wameshamtaja jirani."

"Na akiwa amepungua mbele? Pembeni hapa, na vipele?"

"Huyo amevutwa. Anasukwa kwa kukazwa sana. Akiacha mapema, zinarudi. Akichelewa, shina la nywele linakufa, panabaki kovu." Daktari aliweka kalamu chini. "Na wewe, mama? Vua nione. Tuko wanawake watupu."

Mwanamvua alichelewa kuvua. Alipovua, daktari hakushtuka. Alisogeza taa, akapapasa ngozi kwa vidole vyake vikavu, mbele, kulia, kushoto. "Hapa hazitarudi," alisema. Mwanamvua alilijua hilo siku nyingi. Alilia hata hivyo, akijifuta kwa ncha ya hijabu, kwa sababu ilikuwa miaka kumi na moja hajaguswa kichwa na mtu.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi Gorong'a. Njiani aliomba moyoni awakose. Aliwakuta. Mama mkwe, mwanamke mzee aliyenyooka mgongo, alikuwa anapepeta mtama uani, na Wegesa ananyonyesha. Mwanamvua alisalimu akaomba waingie ndani, wanawake watatu tu. Walipokaa, akavua hijabu.

Mama mkwe alisema neno la Kikurya ambalo Mwanamvua hakulielewa, wala halikuhitaji kueleweka.

"Hiki ndicho kichwa changu," alisema. "Hakuna aliyenifanyia. Ni kukazwa. Wegesa, nywele zako zinazotoka kila mahali ni za uzazi, daktari amesema zitarudi. Za mbele nimezitoa mimi. Eunice sijamwona akiokota kitu, hata siku moja."

Wegesa hakunyanyua macho kutoka kwa mtoto. "Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha niende kumtukana mke mwenzangu mbele ya watoto wake."

"Ndiyo."

Mwanamvua alianza kujifunga ili aondoke, lakini mama mkwe akamwekea mkono gotini. "Kaa hapo. Mwanangu anarudi saa kumi. Utamwambia na yeye kama ulivyotuambia sisi."

Akakaa. Alisubiri kwa muda wa saa tatu kwenye kigoda, bila mtu kumsemesha. Nyangwine, mume wa Wegesa na Eunice, aliporudi na ng'ombe, Mwanamvua alisimama akamwambia yote, hijabu kichwani. Alitamka neno upara mbele ya mwanamume asiyemhusu, akalirudia kwa kuwa mara ya kwanza hakusikika.

Nyangwine alikwenda Natta Jumapili. Eunice alikataa kurudi. Alisema aliyemtaja ndiye amfuate, na ikabidi mama mkwe mwenyewe asafiri. Ndipo akarudi kwa wanawe.

Habari hazikukawia kufika mjini. Baadhi ya wateja walihama. Waliobaki walikuta mama Hamim amelegeza mkono. Rasta zake zilikaa wiki nne, na mwenye vipele alimrudisha nyumbani. Mmoja aliposema tena anavyomwogopa Mungu, alimjibu, "Nilikuwa naficha upara, dada," na yule dada akacheka akidhani ni utani, mpaka alipoona mama Hamim hacheki. Abdurahmani alionyeshwa kichwa siku moja baada ya chakula cha mchana. Alikitazama sana, akauliza kama kinauma.

Mwezi wa kumi na mbili Wegesa alipita barabarani bila kitenge. Nywele fupi changa zilikuwa zimejaa kichwani kote. Mbele, upande wa kushoto zilianza kuota, wa kulia bado. Alikuwa na Eunice, wamesaidiana kubeba mizigo ya sikukuu. Mwanamvua aliwaona kupitia mlangoni, akaweka kitana chini akanyanyuka. Wegesa alimpungia mkono kidogo tu. Eunice aliendelea kutembea. Mwanamvua alibaki amesimama pale mlangoni mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti alipomwita.