Trafiki Aliyepungua kwa Maneno Yetu

Jana nilipojilaza tu, ndoto ikanikamata nikiwa barabarani, mchana kweupe, nimevaa pajama. Naendesha gari, na kama ilivyo desturi yetu madereva, nimewapita trafiki wanaopima ulevi, kwa hiyo namulika taa ili anayekuja mbele ajue. Sisi madereva hatupendani hata kidogo, ila kwa hilo ni ndugu.

Lori la bia linanijibu kwa honi. Halina dereva, kwenye usukani limekaa kreti.

"Ubarikiwe, mtu wangu," kreti linasema, kisha linakata kona kukwepa kipimo. Linaingia njia ya shule.

Ndiyo njia anayovuka binti yangu, Tusekile.

Nageuza gari. Barabara imeshakuwa sebule yangu. Mezani, pembeni ya chupa ya chai, amesimama Afande Atupele, yule trafiki wa kona ya shule. Sare nyeupe, kofia, kila kitu kipo, ila urefu wake ni wa chupa hiyo.

"Afande, zuia lile lori!"

"Kwa mkono upi?" Anauinua. Ni njiti ya kiberiti. "Mkitusema vibaya tunapungua. Juzi kwa kinyozi ulisema trafiki wote ni bure kabisa. Nikapoteza magoti."

"Si ulichukua hela yangu ya soda ukaniachia niende?"

"Hapo nilijipunguza mwenyewe," anasema. "Mabega."

Lori linanguruma nyuma ya kochi. Upande wa pili, kando ya pazia, Tusekile ana begi mgongoni, amenyoosha mkono avuke.

"Trafiki ni watu wazuri sana!" nasema.

Kipima pombe kilichoko mezani kinakohoa. "Umezidisha kiwango. Puliza tena."

"Mnafanya kazi katika mazingira magumu..."

"Hiyo ni ya risala," kinasema. Afande hajaongezeka hata kisigino.

Lori linagusa pazia. Napayuka la kwanza linalonijia: "Siku ile ya mvua ulivua koti lako ukamfunika Tusekile, ukamvusha ukiwa umelowa chepechepe, na sijamsimulia mtu hata mmoja!"

Kipimo kinanyamaza. Afande anaumuka kwenda juu mpaka kofia inagonga dari. Anainua kiganja. Lori linasimama. Kreti linaanza kulia, linasema lipewe simu, linamjua mkubwa fulani.

Nikaamka nimekumbatia mto, jasho tupu. Asubuhi nikampeleka Tusekile shule mwenyewe. Pale kwenye kona Afande Atupele alikuwa anavusha watoto kama kawaida, ila suruali yake ilimwishia katikati ya goti na kiatu.

"Habari za asubuhi, afande. Suruali imepatwa na nini?"

Akaitazama, akajaribu kuivuta chini.

"Hata mimi sielewi, kaka. Jana ilikuwa inaburuza."