Soketi ya Chifu

Kitengo cha ramani cha idara ya maji kilikuwa na meza nne, kabati la chuma lililoshika kutu, na soketi tatu ukutani. Mbili zilikuwa pambo tu. Ya tatu, ile ya karibu na dirisha, iliungwa kwenye jenereta, kwa hiyo umeme ukatike usikatike, yenyewe ilikuwa na moto saa zote. Hapo ndipo alipokaa Chifu. Hakuwahi kuwa chifu wa chochote, jamani! Jina alijipa mwenyewe, na wenzake wakamwachia kwa kuchoka kubishana.

Mchora ramani alipewa meza ya nyuma ya kabati. Kila asubuhi alifika na laptop yake kuukuu, umri wake miaka minane, ikiwa imejaa chaji ya nyumbani, na chaji hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake mpaka jioni. Wiki ya kwanza tu alimwendea Chifu na waya mkononi, kwa adabu zote.

"Kaka, naomba unipishe nusu saa."

"Subiri nikimaliza, dada," Chifu alijibu bila hata kugeuza shingo.

Hakumaliza. Mwezi ukapita, mtu bado hajamaliza! Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Mpira. Alikuwa akitazama marudio ya mpira, sauti kaiziba, uso kaukunja kama anayepiga hesabu za taifa.

Siku moja laptop ya dada wa watu ikazima ghafla, mtaa mzima wa viwandani ukapotea kwenye ramani, mistari yote aliyoichora tangu asubuhi. Alikwenda kulia chooni. Alipotoka, macho mekundu, Meneja alimkaripia mbele ya wote kwamba ni mzembe, na Chifu akaongeza la kwake: "Mwenye betri ya marehemu asichukue kazi za walio hai." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Neno lile lilimkaa rohoni, hakulitema wala hakulimeza.

Jioni hiyo alimpitia shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda kidogo na mdomo mkubwa.

"Shemeji, wewe huna betri mbovu, una matumizi ya kitajiri," fundi alisema akiifungua ile mashine. "Hebu ona, skrini inawaka kama taa ya uwanja. Intaneti iko wazi, na ramani unaichora peke yako, intaneti ya nini? Programu kumi na moja zimekaa nyuma zinakula tu kama wageni wasioaga. Na hii tabia ya kuiweka juu ya mto! Inapumulia wapi? Joto ndilo linalozeesha betri, shemeji. Joto, na kushindiliwa chaji. Ikifika themanini, chomoa. Isishuke chini ya ishirini. Itakuzika."

"Itanizika mimi?"

"Basi tutazikwa wote, lakini yenyewe itabaki na asilimia arobaini."

Tangu hapo alifanya kazi gizani. Mwanga wa skrini aliushusha mpaka ukawa kama wa jioni, akaikaribia kwa pua. Akienda kuangalia mabomba mtaani, mashine aliizima kabisa, hakuiacha isinzie. Alitembea mji mzima kwa miguu, akainua vifuniko vya chuma kimoja kimoja, akapiga picha kila bomba na kiatu chake pembeni kuonyesha ukubwa, kisha akarudi kuchora. Chifu akambatiza Mama Giza. Sawa. Mama Giza alitoka na chaji ya asubuhi akafika nayo jioni, na ziada juu, na baada ya miezi saba ramani ya maji ya mji mzima ikakamilika, kazi ambayo kitengo kile kilikuwa kimeshindwa miaka nenda miaka rudi.

Sasa sikiliza uhuni. Mashine ya kuchapia ilikuwa mezani kwa Chifu, kwa hiyo Mama Giza faili lake alilipeleka huko kwa flashi. Siku ya tatu Meneja aliingia akichekelea, karatasi mkononi, akamshika Chifu bega. "Hii ndiyo kazi! Bodi inakuja Alhamisi. Atakayewaeleza ramani hii, ukuu wa kitengo ni wake." Mchora ramani akainua macho. Pembeni ya ramani yake, pale alipoandika jina lake, limeandikwa la Chifu. Ebo! Hata rangi za mabomba hakubadilisha, mwizi mvivu.

"Meneja, hiyo kazi ni yangu," alisema.

"Dada, usianze wivu," Meneja alijibu. "Wewe mashine yako hata haiwaki vizuri."

Alitaka kumrukia mtu. Badala yake akakaa, akamkazia Chifu macho. Na ndipo alipoiona laptop ya Chifu kwa mara ya kwanza, kuiona hasa. Ilikuwa ya kisasa, rangi ya fedha, lakini haikukaa sawa mezani. Ilikuwa ikicheza upande huu na huu, na Chifu alikuwa ameitilia karatasi iliyokunjwa chini ya pembe. Pale pa kupitishia kidole pameinuka kama jipu.

Alimsimulia shemeji yake, bila kutaja ni ya nani. Fundi akaacha kucheka. "Imekaa kwenye waya muda gani?"

"Wanasema miaka miwili. Haijawahi kuchomolewa. Na inapigwa na jua la dirishani."

"Hiyo betri imeshakufa na imevimba. Itamwandikia mwenyewe mia, imdanganye, halafu izime bila hodi. Tena ni hatari. Mwambie asiitumie."

"Nitamwambia," alisema.

Hakumwambia. Asubuhi yake alikwenda ofisini kwa Meneja, akamkuta na Chifu, sauti yake laini kama mafuta. "Nimefikiri, Meneja. Nisamehe kwa ya juzi. Ila wajumbe tukiwafungia ukumbini wataona karatasi tu. Si bora tuwapandishe kilimani, kwenye tangi jipya? Mji wote utakuwa chini ya miguu yao."

Meneja alipenda. Chifu alipenda zaidi, maana alishajiona kwenye picha.

"Lakini kule hakuna umeme," Meneja alikumbuka.

Mchora ramani aliinama kufunga kamba ya kiatu. Hakutaka kulisema yeye. Alitaka litoke kinywani mwa mwenyewe. Na likatoka.

"Umeme wa nini?" Chifu alicheka. "Mashine yangu iko asilimia mia kila siku ya Mungu. Labda tumhurumie Mama Giza."

Alhamisi wajumbe watano walikaa kwenye viti vya plastiki, kivulini mwa tangi. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na maswali. Mchora ramani aliletwa kubeba maji ya kunywa. Begani alikuwa na mkoba wake, na ndani ya mkoba laptop kuukuu, imejaa, imezimwa kabisa, inasubiri.

Chifu aliwasha. Mia kwa mia. Akapandisha mwanga wote, akaanza na picha zake mwenyewe kazini, na muziki juu. Mchora ramani alisimama na chupa zake za maji, akisoma namba kwa mbali. Mia. Tisini na nane. Zima, aliomba kimoyomoyo. Zima, mwanangu. Ramani ikafunguka. Sitini na moja. Skrini ikawa nyeusi.

Chifu alibonyeza. Akabonyeza tena. Akaigeuza, akaipiga kofi kidogo, akacheka kicheko kikavu.

"Endelea kwa mdomo, baba," mwenyekiti alisema. "Umeichora mwenyewe. Bomba la viwandani linavuka reli upande gani?"

Jasho lilimtoka Chifu mpaka kola ikalowa. "Upande wa... kawaida," alisema. Mjumbe mmoja akakohoa kuficha kicheko. Chifu akageuka, macho yamemtoka pima. "Dada, lete yako. Haraka, nakuomba."

Mchora ramani aliweka chini chupa za maji. Akatoa laptop yake, akaiwasha. Chifu alinyoosha mikono kuipokea.

"Subiri nikimaliza, kaka," alisema.

Alimpita, akaiweka mbele ya mwenyekiti. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba, akapandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho, ushindane na jua. Leo alikuwa nao wa kutumia. Aliwaonyesha reli na bomba linavyopita chini yake upande wa mashariki. Aliwaonyesha picha za kila kifuniko, na kiatu kile kile pembeni, na mwenyekiti akashusha miwani, akatazama picha, akatazama mguu wa mchora ramani. Hakuuliza tena kazi ni ya nani. Saa mbili na ushee walikaa pale, na walipoinuka ilikuwa imebaki asilimia thelathini na moja.

Jumatatu mkuu mpya wa kitengo alihamia meza ya dirishani. Chifu alipewa ya nyuma ya kabati, pamoja na laptop ya stoo, iliyoshika chaji kwa saa moja ukiiombea.

Kabla ya mchana alisimama mbele ya meza, waya mkononi, sauti chini. "Mkuu, naomba soketi kidogo. Nina ripoti ya Meneja, haijahifadhiwa, na imebaki asilimia tatu."

Mama Giza alitazama skrini yake. Ilikuwa imefika themanini, na chaja alikuwa ameshaichomoa, imelala imekunjwa kando ya mkono wake. Soketi ilikuwa tupu. Chifu aliiona, na yeye alimwona anavyoiona.

"Subiri nikimaliza," alisema, akapunguza mwanga, akaendelea na kazi.