Kamera Katika Tumbo la Mke Mkubwa

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni ya kupimwa tumbo, na foleni yenyewe iko jikoni kwangu. Mbele yangu kuna sufuria la uji la Siwema, mke mwenzangu. Linaitwa kwanza. Siwema ndiye mke mdogo, na kila chake huitwa kwanza.

Tangu Siwema apimwe akakutwa na vidonda vya tumbo, mume wetu Chande hali wala halali. Anamkorogea uji, anamfichia pilipili, na zamu zangu tatu amelala kule kule. Mimi nami tumbo linaniunguza kila nikishikwa na njaa, nikila linatulia. Nimenyamaza. Nikisema, mtaa mzima utacheka kwamba bi mkubwa anaigiza. Isitoshe, najua ni wivu tu unaonichoma hapa chini ya kifua. Ninao, sikatai.

Kamera ya kupimia tumbo inaingia. Ni ndefu, nyembamba, ina jicho moja na adabu nyingi.

“Shikamoo, mama. Hujala tangu jana?”

“Marahaba. Nile cha nani?”

“Basi nimeze.”

Naimeza. Mara tuko sote tumboni mwangu, mimi ndiye niliyeshika taa. Tumboni mwangu ni sebuleni kwa Siwema, na mapazia yale mapya. Chande amekaa kwenye zulia anapuliza uji.

“Hata humu?” namuuliza.

“Punguza sauti, mgonjwa amelala.”

Kamera inafunua zulia. Chini yake kuna kishimo cheupe chenye kingo nyekundu, kinavuja damu.

“Kidonda,” inasema.

“Huo ni wivu wangu. Uache.”

“Wivu hauvuji damu, mama.”

Inanyofoa kinyama kidogo ikapime. Vijidudu vilivyojipinda vinachungulia kutoka ndani yake.

“Tunaishi humu miaka mingi,” vinaniambia. “Vile vidonge vya maumivu unavyomeza kabla ya kula vinatusaidia sana kuchimba. Ndugu zetu wako kwa Siwema. Tulipohamia tuligawana sawasawa, nusu kwake, nusu kwako.”

Naangua kilio. Vijidudu vinajua kugawa kuliko mume wangu.

“Chande, naumwa,” nasema.

Anaweka bakuli chini. “Mwenzako alileta cheti cha daktari.”

Naigeukia kamera. Inajipapasa, haina kalamu.

“Damu ya tumboni ikishuka hadi chini hutoka nyeusi,” inasema. “Hicho ndicho cheti chako.”

Nikaamka. Kunakucha. Ilikuwa zamu yangu, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi. Nikajicheka, nikaenda chooni, nikawasha tochi ya simu. Kwa mara ya kwanza nikatazama.

Choo changu kilikuwa cheusi ti, kinanata kama lami.

Nilivuka ua nikagonga kwa Siwema. Alifungua yeye mwenyewe, kanga mabegani. Nyuma yake nilisikia mume wetu akikoroma, na hata wakati ule iliniuma. Nikamweleza nilichokiona. Alinishika mkono upesi, kisha akanigusa uso.

“Dada, hii ni hospitali sasa hivi, tusingoje. Ulianza lini kuumwa?”

Kichwa kilikuwa kinanizunguka, nikashikilia mlango.

“Kabla yako,” nikamwambia.